Penye Mizimu ya Wapendanao: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni ya mtu anayefunga safari kwenda mahali panaposemwa kwamba pana roho za wapenzi waliofikwa na mauti au msiba: magofu ya Kaole kule Bagamoyo, jumba la Mtoni Unguja, ngome ya Lord Egerton huko Njoro, kaburi la Denys Finch Hatton kwenye vilima vya Ngong. Nayaandika kwa ukali kwa sababu upole umeshindwa. Walinzi wamesema, wazee wamelalamika, na bado mtu mzima mwenye akili zake anachukua ufunguo wa gari na kukwangua chokaa ya kale ili aandike jina lake na la mchumba wake.

Dai langu ni moja na kila agizo linatoka humo. Wapenzi hao walikuwa watu. Walikuwa na wazazi, ndugu, madeni na dini. Aliyekufa hawezi kukanusha unachosema juu yake, kwa hiyo habari yake ni amana mikononi mwako. Anayeamini mizimu ana sababu ya kuogopa, asiyeamini ana sababu ya kuwa na adabu, na mwenendo ninaoudai kwa wote wawili ni uleule.

KABLA YA KUFIKA

Usiende usiku. Najua ndilo jambo la kwanza vijana wanalolitaka, kwa kuwa mzimu wa mchana hauwasisimui. Magofu ya pwani yana kuta za mawe ya matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa iliyokwisha kuchoka; yana visima, mashimo, mizizi iliyopenya sakafuni na nyoka wanaotafuta joto la mawe jua likizama. Juu ya hayo, karibu na kila gofu kuna watu wanaolala. Kelele na kurunzi zenu saa sita za usiku zinamwamsha mama mwenye mtoto mchanga na mvuvi anayetakiwa kuamka alfajiri. Hakuna hadithi ya mapenzi inayokupa ruhusa hiyo.

Bisha hodi. Pita kijijini, salimia, mwamkie mzee kwa shikamoo kabla hujamuuliza habari za mashetani. Lipa kiingilio kwa anayestahili kulipwa na udai risiti, maana fedha isiyo na risiti haitengenezi ukuta wowote. Chukua mwongozaji wa pale hata kama umesoma sana.

Vaa kwa heshima. Kaole ni misikiti na makaburi ya Waislamu. Mwanamke ajistiri, mwanamume asije na kaptula ya ufukweni. Hili halina mjadala.

KAOLE, PENYE KABURI LA WAPENDANAO

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu ndipo panapoumizwa zaidi na watu wanaodhani wanapapenda.

Kaole iko kilomita 5 hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo. Ulikuwa mji wa biashara wa Waswahili. Msikiti wake mkongwe unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, miongoni mwa misikiti ya kale zaidi Tanzania Bara. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapo mwaka 1958. Bandari yake ilijaa tope na mikoko ikasonga mbele, hata leo mgeni anasimama kwenye kingo za mji wa bahari na bahari yenyewe iko mbali. Makaburi yake ni ya mawe, mengine yana nguzo ndefu, na zamani nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Tazama nguzo kwa makini utaona vishimo vitupu. Palikuwa na bakuli pale.

Kati ya makaburi hayo kuna moja ambalo waongozaji hulitambulisha kuwa la wapendanao. Husimulia kwamba mume na mke walizama baharini, wakazikwa pamoja. Wachumba huja hapo kuombea mapenzi yao yadumu. Hakuna jina la mume, hakuna jina la mke, hakuna mwaka. Kuna kaburi, na kuna kauli iliyopokewa.

Usikae juu ya kaburi hilo. Usilale kando yake mkikumbatiana ili mpigwe picha. Nimeona picha za namna hiyo na sielewi aliyepiga na waliopigwa walikuwa na moyo gani. Kama marehemu wa simulizi walikufa kwa maji, basi mnachokiigiza ni maiti mbili. Jiulizeni kama mngefanya hivyo juu ya kaburi la babu na bibi yenu, mbele ya wajomba.

Usichore moyo, usiandike jina, usifunge kufuli wala utepe. Lipu ya chokaa ikikwanguliwa maji ya mvua hupata njia. Maji yakiingia, jiwe la matumbawe hulegea. Jiwe moja likitoka, yaliyo juu yake hukosa pa kushikilia. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na kuharibu kumbukumbu ya namna hii ni kosa. Kenya nayo ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Nataja sheria kwa wale wasiosikia jambo lingine lolote. Kwa wengine inatosha kusema kwamba mapenzi yenu hayana haki juu ya kaburi la watu wengine.

Usiguse kilichowekwa na mwombaji. Hapo hapo Kaole kuna kaburi la binti anayejulikana kwa jina la Sharifa, na watu hulijia kwa nia zao: mgonjwa, asiyezaa, mwenye kesi. Utakuta ubani, marashi, kitambaa, sarafu. Wapo masheikh wanaokemea desturi hiyo wakisema maombi yaelekezwe kwa Mungu peke yake, na mjadala huo una uzito wake. Upeleke msikitini na kwenye vitabu. Aliyepiga magoti pale akilia usimkemee wala usimpige picha. Ondoka hapo mpaka amalize.

Salimia. Muislamu anajua maneno ya kuwasalimia watu wa makaburini. Asiye Muislamu anyamaze kidogo, avue kofia, ashushe sauti. Haitachukua hata dakika moja.

Zunguka mbuyu ukitaka. Husemwa kwamba anayeuzunguka mbuyu wa Kaole huongezewa miaka. Ni desturi isiyomuumiza mtu, na watoto huifurahia. Usiukate gome ukachukue ukumbusho.

Nina jambo la mwisho kuhusu Kaole, na nalitaka lisikike. Msimulie mume na mke waliozama mkijua ni nani wanaowasikiliza. Huu ni mwambao ambao bahari yake haijaacha kuchukua watu. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba; tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mamia ya watu walikufa, wapo ambao hawakupatikana, na wapo waliobaki wakimsubiri mtu. Mwongozaji wako huenda ni mmoja wao. Anayeuza maji ya madafu mlangoni huenda ni mmoja wao. Kwa hiyo usicheke, usipige mayowe ya kutishana, usiseme kwamba kuzama mkiwa mmeshikana ni kifo kizuri. Kifo cha maji si kizuri.

UNAPOSIMULIA

Makosa makubwa kuliko ya mikono ni ya mdomo, maana ukuta huweza kurekebishwa na fundi, ilhali uongo ukishaenea hakuna fundi wake.

Tenga kinachojulikana na kinachosimuliwa, na umwambie msikilizaji mpaka uko wapi. “Husimuliwa kwamba” ni maneno mawili tu, hayaui hadithi. Wazee wetu walikuwa nayo, walisema “tulisikia kwa waliotangulia,” kisha wakaendelea, na watoto hawakuacha kusikiliza.

Usimpe jina asiye na jina. Hapa nakwenda Njoro. Maurice Egerton, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1874, alianza kujenga jumba lake la mawe karibu na Nakuru mwaka 1938. Vita vikakatiza kazi, na jumba likakamilika mwaka 1954. Alikufa mwaka 1958 bila kuoa. Shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton. Hayo yanajulikana. Kinachosimuliwa ni kwamba alimjengea mwanamke aliyempenda nyumba, mwanamke akaidharau kuwa ndogo. Akamjengea ngome, akaikataa nayo. Basi bwana akawachukia wanawake wote na kuwapiga marufuku wasikanyage kwake. Wageni huambiwa hivyo, huguna, kisha mmoja wao husema, “Wanawake bwana.”

Usiseme hivyo. Mwanamke huyo, kama alikuwapo, hakumwomba mtu amjengee ngome. Alikuwa na haki ya kukataa nyumba ndogo, nyumba kubwa na mwenye nyumba. Hadithi nyingi za mapenzi yaliyoharibika humtafuta mwanamke wa kulaumiwa, na msimulizi mvivu humpelekea mzigo huo bila kufikiri. Mwanamume aliyekataliwa akageuka kuwachukia wanawake wote ndiye wa kuulizwa maswali, na hakuna sababu ya kumwonea fahari.

Simulia pia ardhi na mikono. Njoro ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu zilizotengwa na ukoloni kwa ajili ya Wazungu, na Waafrika wakabaki humo kama vibarua. Jumba lililojengwa kwa sababu ya moyo uliovunjika, kama ndivyo, lilijengwa na watu ambao nao walikuwa na wapenzi wao nyumbani. Hakuna anayesimulia mizimu yao. Leo maarusi hupiga picha kwenye ngazi za jumba hilo, na mimi sina ugomvi na harusi: pafunguliwe, wanawake waingie kwa fahari mahali panaposemwa kwamba walikatazwa. Lakini mwongozaji akimaliza kusimulia, mwulize nani alibeba mawe.

Mtaje na yule anayeachwa nje ya hadithi. Denys Finch Hatton alikufa tarehe 14 Mei 1931 pale Voi, ndege yake ndogo ilipoanguka mara baada ya kuruka. Alizikwa Ngong, mahali yeye na mpenzi wake Karen Blixen walipopenda. Blixen, ambaye shamba lake la kahawa lilikuwa limefilisika, aliondoka Kenya mwaka huohuo, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1937 alieleza habari aliyoipata kwamba simba walionekana wakipumzika juu ya kaburi. Ni simulizi nzuri, nami sitaki ife. Ila ndani ya ndege ile walikufa watu wawili. Wa pili alikuwa mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Msafiri hupanda vilima vya Ngong, huulizia simba, hutazama mnara wa kaburi, na hushuka bila kulisikia jina hilo hata mara moja. Nasema ni dhuluma. Ukienda Ngong, sema majina yote mawili. Ukienda na watoto, wafundishe yote mawili. Wala usije ukaniambia kwamba Kamau hahusiki na hadithi ya mapenzi. Hujui alikuwa ameacha nani nyumbani asubuhi ile.

Usimgeuze mtu mwenye historia kuwa mzimu. Sayyida Salme alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, binti wa Sultani Sayyid Said. Mjini alipendana na jirani, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Akashika mimba, na Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko akabatizwa Emily, na wakaoana Mei 1867. Miaka mitatu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi ambayo hakuizoea. Alipofika Unguja mwaka 1885, kaka yake Sultani Barghash alikataa kumpokea. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Sasa mtu anasimama penye matao yaliyobaki Mtoni na kukuambia kwamba anamsikia binti mfalme akilia kwa ajili ya mpenzi wake. Mwambie kwamba huyo binti mfalme hakuhitaji kurudi kama upepo ili asikike: mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake mwenyewe, kitabu kizima, kuhusu Mtoni, mama yake, ndugu zake, sikukuu, fitina za ikulu na uchungu wa ugeni. Alijifunza kuandika kwa siri utotoni, wakati wasichana wa nyumba ile hawakufundishwa kalamu. Kumfanya kivuli kinacholia ukutani ni kumnyang'anya kalamu hiyo. Soma kitabu chake kwanza. Na usimsafishe pia: alitetea utumwa kwa maneno ya wazi, na msomaji wa Pwani anapaswa kulijua hilo anapolitaja jina lake kwa huruma.

Wakati huohuo, usimhukumu kwa pupa. Wapo wanaomlaani hadi leo kwa kuacha dini, wapo wanaomsifu kama shujaa wa uhuru. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka 21, mjamzito, katika mji ambao kosa lake lingeweza kumgharimu uhai. Anza hapo.

Usimpambie kijana kifo. Hili nawaambia walimu wanaopeleka wanafunzi, waongozaji, na wote wanaotengeneza video. Hadithi za wapenzi waliokufa pamoja zina sumu ndani yake: zinamnong'oneza mtoto wa miaka 16 aliyeachwa kwamba kufa ndiko kupenda kwa kweli. Simulieni mwisho kwa ukweli wake. Semeni kuhusu mama aliyezika. Semeni kwamba Salme aliishi zaidi ya miaka 50 baada ya kufiwa, akalea watoto, akaandika. Na kijana akikaa kimya mno, au akauliza maswali yasiyo ya kawaida kuhusu kujiua, msimwache peke yake wala msimkaripie; zungumzeni naye siku hiyohiyo, mpelekeni kwa mtu wa afya.

Usimtaje mtu aliye hai kuwa mwenye mizimu. Ukiulizwa nani anafuga majini ya gofu, jibu kwamba hujui, kwa sababu hujui. Nchini Tanzania vikongwe wameuawa Kanda ya Ziwa kwa kuwa na macho mekundu tu, macho yaliyotokana na moshi wa kuni wa miaka mingi. Bibi anayeishi peke yake karibu na makaburi hatakiwi kuwa mhusika katika video yako ya kutisha. Wewe utarudi mjini, naye atabaki na majirani walioitazama.

KAMERA NA FEDHA

Piga picha za kuta, nguzo, miti na za kwenu wenyewe mkiwa mmesimama. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu. Usitumie kifaa cha kurusha angani bila kibali.

Usitengeneze mzimu. Kuna watu huvaa shuka jeupe, wakatia sauti ya kilio kwenye picha, wakadai wamenasa roho ya bibi harusi. Huo ni uongo juu ya maiti, na wanaoupokea kwa hofu ni watoto wa kijiji kile wanaopita hapo kwenda shule.

Usimlipe mtu akuitie roho ya wapenzi, wala usinunue dawa ya mapenzi iliyochotwa “kaburini.” Anayeuza udongo huo ameuchimba mahali fulani. Ama amekudanganya, ama ameharibu kaburi. Kwa vyovyote vile, fedha yako imemtuma arudi.

Nunua chakula kijijini. Kula pweza, kula muhogo, lipa bei inayotajwa. Ukisikia habari tofauti na ya mwongozaji kutoka kwa bibi au babu wa pale, mwombe ruhusa uiandike: amesema nini, aliisikia kwa nani, kijiji gani, mwaka gani. Mpelekee nakala msimamizi wa kituo, na umrudishie bibi huyo au wajukuu zake yaliyoandikwa. Habari hizi zinakufa na wenyewe kila msimu, na mtalii mwenye daftari huenda ndiye mtu wa kwanza aliyemuuliza swali la maana.

KAMA UMESHACHUKUA KITU

Kirudishe. Kigae cha kauri chenye rangi ya samawati, ushanga, kipande cha lipu yenye nakshi, sarafu ya nadhiri: ulikiona kidogo, ukasema hakuna atakayekikosa. Vishimo vitupu kwenye nguzo za Kaole vinaonyesha kinachotokea nyara zinapoanza kuchukuliwa. Usingoje ndoto mbaya wala ugonjwa ndipo ukumbuke. Kifunge kwenye kitambaa, andika siku uliyokichukua na mahali hasa ulipokiokota, karibu na kaburi gani, upande upi wa ukuta. Mkabidhi msimamizi wa kituo au ofisi ya Mambo ya Kale, uso kwa uso ukiweza, kwa barua ukiona haya. Usikipeleke kimyakimya ukakitupa nyasini. Kigae kikikaa pasipo mahali pake kitampotosha atakayechimba baadaye, na atawapangia marehemu wale maisha ambayo hawakuyaishi.